Pedali Tuliyoichagua Katesh

Wiki mbili zilizopita nilipeleka simu yangu kwa fundi hapa Babati ninapoishi, nikakaa kwenye benchi kusubiri. Fundi alikuwa amefungua redio ya mteja mwingine, na alipoichomeka kwenye umeme kuijaribu ikatoa harufu. Labda na wewe unaijua: vumbi la miaka mingi limepata moto ghafla, na ndani ya vumbi hilo kuna plastiki na kitu kinachofanana na nywele zilizoungua. Fundi alichomoa waya akasema hii basi tena. Mimi nilikuwa nimeshafika nje. Nilisimama juani mpaka moyo ukatulia, mwanamke mzima mwenye mtoto wa kunyonya, kisa redio ya mtu nisiyemfahamu.

Harufu hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza Haydom, nikiwa darasa la sita. Habari yake sijawahi kumsimulia mtu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata mume wangu, ambaye anajua tu kwamba sipendi kuulizwa kama niliwahi kupiga gitaa.

Sisi ni watu wa Endagikot, jirani na mji wa Mbulu. Kwetu ni baridi, na miezi ya katikati ya mwaka ukungu hulala mashambani mpaka watoto wameshaingia darasani. Hatua chache kutoka nyumbani kwetu aliishi mdogo wake mama, mjomba Paskali, katika nyumba aliyoachiwa na bibi. Mimi nilipewa jina la bibi huyo, kwa hiyo mjomba aliniita mama. Haukuwa utani. Nilipompa shikamoo asubuhi aliitikia, "Marahaba, mama," kwa heshima ambayo angempa mzazi wake, nami nilitembea siku nzima nikijiona mtu mkubwa.

Siku za kazi mjomba alisimamia mashine ya kusaga pale senta. Ilikuwa ya injini ya dizeli, ndani ya chumba cha bati, na ikiwaka ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Alikaa ubavuni mwake tangu asubuhi hadi jioni, kope zimejaa unga, akipokea debe la huyu na la yule. Jumapili alioga, akavaa shati jeupe, akapiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa letu. Gitaa lilikuwa lake mwenyewe, la umeme, jekundu, rangi imebanduka pale mkono unapopita. Alirudi nalo kutoka Arusha, ambako ujanani aliwahi kupiga na bendi, na alipoulizwa kwa nini aliacha alijibu kwamba bibi alikuwa mgonjwa.

Alianza kunifundisha nikiwa na miaka tisa. Tulikaa mlangoni kwake, gitaa halijaunganishwa na kitu. Gitaa la umeme lisipopata umeme sauti yake ni ndogo kama ya mbu, na mjomba alipotaka kulipatanisha nyuzi aliinama, akaweka taya lake juu ya ubao, akafumba macho, akagusa uzi mmoja mmoja. Nilidhani ni mapenzi. Nilidhani mtu akikipenda sana chombo chake hulala juu yake namna hiyo, kama mama anavyoegemeza shavu kwenye kichwa cha mtoto. Nami nikajaribu, uzi ukatetemeka mpaka kwenye meno, nikafurahi kwamba nimeingizwa kwenye siri ya wapiga gitaa.

Alikuwa na tabia nyingine. Ukizungumza naye aligeuza kichwa, akakupa upande wa kulia, akakutazama mdomo. Mara nyingine ulimwita na hakuitika mpaka umguse. Niliamini wanamuziki wote wako hivyo, kwamba kichwani mwao kuna wimbo unaoendelea na wewe unawakatiza. Darasani na mimi nikaanza kugeuza kichwa, mpaka mwalimu akaniuliza kama shingo inaniuma.

Wakati huo kila mtu mwenye simu alikuwa na video za kwaya. Wanakwaya wetu walikaa nje baada ya ibada, vichwa vimekutana juu ya kioo kidogo, wakisikiliza magitaa ya wenzetu wa mjini yanayolia, yanayozunguka, yanayorudi yenyewe kutoka mbali. Letu lilisikika kama waya wa uzio uliogongwa na fimbo. Mwalimu Boay, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyeleta wazo la pedali. Alitueleza kwamba ni chombo kinachokaa sakafuni. Gitaa linaingia upande mmoja, linatokea upande mwingine limebadilika sauti, na mpigaji anachagua sauti anayoitaka kwa kukanyaga. Mimi nilielewa kwamba ndani yake mmelala magitaa mengine mengi yanayosubiri kuamshwa.

Ili kuipata, kwaya ililima vitunguu swaumu katika shamba la kanisa. Msimu mzima, kila Jumamosi, watu wazima na watoto tulipalilia, tukang'oa, tukaanika, tukafunga mafungu. Vidole vilinuka kitunguu hata baada ya sabuni. Vitabu vya nyimbo vilinuka. Mama, aliyeimba sauti ya pili, alikuwa akitania kwamba malaika wakitusogelea watakimbia. Nalitaja shamba hilo kwa sababu baadaye lilinihukumu.

Vitunguu vilipouzwa, Mwalimu Boay alisema aende Paskali, kwa kuwa ndiye anayejua. Mjomba akakubali, kisha akasema atakwenda na mimi. Mwalimu alishangaa, akauliza mtoto wa nini katika safari hiyo. Mjomba akaniwekea mkono kichwani.

"Huyu ana masikio," alisema.

Nilivimba kwa fahari. Nakumbuka mama alimtazama ndugu yake kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji, halafu akasema basi niende, ila nivae sweta. Nilidhani anawaza baridi.

Tuliondoka na basi la asubuhi la kupitia Dongobesh, tukateremka hadi Dareda, tukapata gari jingine la barabara ya Singida. Katesh niliiona kwanza kwa mlima wake, Hanang umejifunika wingu kuanzia mabegani, na vumbi la mnada likipanda chini yake. Duka tulilokwenda lilikuwa la Mzee Salimu, mfanyabiashara wa siku nyingi pale mjini. Mbele aliuza magodoro na baiskeli, na chumba cha nyuma aliweka vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika, anavyovileta kutoka Arusha. Alipokea shikamoo yangu, akaagiza tuletewe chai, akaweka pedali tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, nyepesi, yenye taa nyingi na kioo kidogo kilichoandika jina la kila sauti. Ya pili kitufe chake kimoja kilikuwa kinakwama, Mzee mwenyewe akatuambia tusipoteze muda nayo. Ya tatu ilikuwa chuma cheusi kizito kama tofali, kimechubuka pembe zote, na upande wa kulia kina kikanyagio kama cha mafuta ya gari. Moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye taa.

Mjomba aliunganisha gitaa, akanivuta kando. "Mama, mimi nikipiga, masikio yangu yanapendelea mikono yangu," aliniambia. "Wewe kaa karibu na spika, fumba macho. Uniambie kila kitu, hata kidogo."

Nikakaa, nikafumba. Alipiga kwanza ile ya taa. Alikuwa akisimama kila baada ya muda na kuniuliza. Nikinyamaza, kunabaki nini? Nikibadilisha sauti, kuna pengo? Mwangwi unakwenda ukiisha au unakatwa? Niliyachukua maswali hayo kama mtihani, nikidhani majibu anayo na anataka kuona kama nitafaulu. Nilimjibu kwamba chini ya noti kuna mvumo, kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango nyumba ya jirani. Nilimwambia kila akikanyaga kubadilisha sauti kuna kimya kifupi, kama mtu aliyepaliwa katikati ya neno. Mjomba alikuwa akinitazama mdomo na kusema ndiyo, ndiyo, nami nikaona nafaulu.

Ile nyeusi ilikuwa jambo jingine. Alipoacha kupiga, kimya kilikuwa kimya kweli. Alipobadilisha, sauti ya kwanza iliingia ndani ya ya pili bila kugongana. Na mwangwi wake ulikwenda ukipungua, kama mtu anayeteremka bonde huku akiita, mpaka hujui ni lini hasa umeacha kumsikia. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa mkono wa sweta. Mzee Salimu akaizima, akaiwasha tena, ili tuone kwamba sauti tuliyoitengeneza imebaki ndani. Akasema angependa kutuuzia ile ya taa, maana imemkalia dukani, lakini binti amesema kweli.

"Tunachukua nyeusi," mjomba alisema, na akanitazama kwanza mimi kabla ya kumtazama mwenye duka.

Alikuwa ameinama akilifunga gitaa kwenye mfuko wake wakati Mzee Salimu, akiwa amesimama upande wake wa kushoto, alipochukua adapta ya ile pedali na kuizungusha waya wake taratibu. Alisema hii ndiyo adapta yake na hakuna nyingine. Tusije tukaichomeka kwenye adapta ya kinanda au ya redio hata kama pini inaingia, kwa sababu waya za hii zimepangwa kinyume, na tukikosea mara moja tu, inaungua. Mjomba alitikisa kichwa.

"Sawa, mzee. Sawa kabisa."

Nililisikia kila neno. Sikulirudia kwa mjomba, si njiani, si siku nyingine. Ningeanzaje kumkumbusha mtu mzima jambo aliloambiwa mbele yangu na akaitikia?

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kuishi mpaka hapo. Alhamisi jioni kabla ya mazoezi ya kwaya, na Jumamosi, mimi na mjomba tulijifungia katika chumba cha nyuma cha kanisa, penye umeme. Kazi ya kupiga magoti na kuchomeka ilikuwa yangu, na adapta niliifunga kwenye kitambaa na kuitunza katika mfuko wa pembeni wa gitaa. Mjomba alipiga, mimi nikazungusha vitufe. Aliniuliza, "Imefika?" nami nikamjibu bado, bado, ongeza kidogo, hapo. Tulipoipata sauti tuliihifadhi, na mimi nikaandika namba yake kwenye daftari: kumi na nne ya mapambio, ishirini na mbili ya kuabudu, thelathini ya ule wimbo wa kwanza wa kuingilia. Mwalimu Boay alipokuja kusikiliza alisimama mlangoni, akavua kofia.

Kulikuwa na siku inakuja ambapo kwaya za makanisa mbalimbali zingekutana Haydom. Jumamosi moja mjomba alinipa gitaa, akaniambia nipige solo ya wimbo wetu wa pili, wote, bila kusimama. Nilipomaliza alibaki ameshika ubao wa gitaa kwa kiganja, kama anayepima homa.

"Haydom, huo utapiga wewe," alisema. "Mimi nitakushikia rithimu. Nimeshamwambia Mwalimu."

Nilimwambia mama jioni ileile. Alikuwa akichambua maharage. Alisema Mungu akipenda, akaendelea kuchambua.

Haydom tulifika asubuhi. Jukwaa lilikuwa ndani ya ukumbi mkubwa, na kwaya nyingine zilikuwa zikifungua vyombo vyao. Nilitoa pedali kwenye boksi, nikaifuta vumbi mbele ya wanakwaya wote, nikaiweka mahali pake. Kabla sijafungua mfuko wa pembeni mama akaniita. Jirani yetu alikuwa amelazwa hospitalini na mama hakutaka tufike Haydom tukaondoka bila kumsalimia. Tulikwenda, tukampelekea uji, tukaomba naye. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipiga solo yangu hewani kwa vidole vya kushoto.

Mlangoni nikaisikia ile harufu. Sikujua ni nini, lakini miguu ilijua, ikaanza kukimbia. Mjomba alikuwa amechuchumaa jukwaani. Kinanda chetu kilikuwa hakijapangwa, lakini adapta yake ilikuwa imeshachomekwa ukutani, na pini yake ilikuwa ndani ya tundu la pedali. Ile nyeusi ilikuwa imezimika. Uzi mwembamba wa moshi ulitoka pale kwenye kitufe cha kwanza, ukapinda, ukaisha. Adapta halali ilikuwa bado imefungwa kwenye kitambaa, ndani ya mfuko, mkono mmoja kutoka alipokuwa.

Kwaya ikakusanyika. Mwalimu Boay aliuliza kumetokea nini, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa jibu. Mjomba alisimama. Alinitazama, na mimi nilimtazama nikiwa na huruma, kweli kabisa, nilikuwa ninamwonea huruma. Nilikuwa nawaza atajisikiaje kulisema.

"Ni huyu mtoto," alisema. "Amechezea adapta. Nilimkataza."

Kuna wanakwaya waliokuwa wameniona asubuhi nikiishika pedali. Walitikisa vichwa. Mimi nilifungua mdomo nikasema, Mjomba, yule mzee wa Katesh alikuambia. Nililisema kwa sauti ndogo, kwa sababu nilikuwa namwambia yeye, si wao. Alikuwa ameshageuza uso. Nikajaribu tena, nikamuuliza na wimbo wa pili je? Mwalimu Boay ndiye aliyenijibu. Aliuliza wimbo wa pili una nini. Hakuwa na habari yoyote. Hapo nikaelewa kwamba hajawahi kuambiwa.

Nilimgeukia mama. Mama alijua nilikuwa naye hospitalini. Alikuwa amenishika mkono dakika mbili tu kabla ya hapo. Alinishika tena, akaniongoza hadi benchi la nyuma, akaniambia nikae kimya. Waliimba bila pedali, kwa kinanda na ngoma. Mjomba alisimama mahali pake na gitaa likiwa limeunganishwa moja kwa moja na spika, likilia kama waya wa uzio.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonikaa zaidi. Alhamisi, kabla ya mazoezi, mama alinifundisha maneno njiani. Aliyatamka, nikayarudia, kama tunavyofundishwa sala. Tulipofika alinisimamisha mbele ya kwaya, nikasema: nimeunguza pedali ya kwaya, naomba mnisamehe. Mwalimu Boay alisema mtoto ni mtoto na jambo limekwisha, ila kuanzia leo nisiguse chombo chochote. Halikwisha. Lile shamba la vitunguu lililimwa upya, na kila Jumamosi nilipalilia katikati ya watu ambao migongo yao iliuma kwa sababu yangu. Hakuna aliyenitukana. Waliniachia tu mstari mrefu kuliko wa watoto wengine, na mimi niliumaliza.

Mjomba aliendelea kuja nyumbani kama kawaida. Aliniletea muwa, aliniletea mahindi ya kuchoma, akaniita mama. Niliamua kumwadhibu kwa njia pekee niliyokuwa nayo: sikumjibu. Shikamoo sikutoa, na kwetu hilo si jambo dogo. Alipouliza habari za shule nilinyamaza, nikatazama chini. Yeye alisema, "Vizuri, vizuri," akaendelea kuzungumza. Wiki zikapita. Nilizidi kuumia, kwa sababu niliona adhabu yangu haimgusi hata kidogo, kwamba ananidharau kiasi cha kujijibia mwenyewe.

Siku moja nilitumwa kusaga. Nilikuta injini imezimwa, mjomba amenipa mgongo, anakusanya unga uliomwagika. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Nilisimama nyuma yake na debe langu kichwani, nikasema neno ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Haydom.

"Mjomba, wewe ni mwongo."

Aliendelea kukusanya. Nikalirudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka nikaogopa. Aliendelea, taratibu, akipiga mluzi wa wimbo wetu wa kuingilia, na mluzi wenyewe ulikuwa umepotea njia, noti zake hazikuwa mahali pake. Nilitua debe. Lilipogonga sakafu alihisi mtikisiko miguuni, akageuka, akatabasamu aliponiona. "Ah, mama. Umefika sasa hivi?"

Nilikimbia nikaacha debe. Nakumbuka nilikuwa nikipanga mambo kichwani kadiri nilivyokimbia: taya juu ya gitaa, kichwa kilichogeuzwa, imefika, bado, huyu ana masikio. Nilimkuta mama zizini, nikamwambia kwa pumzi zilizokatika kwamba mjomba hasikii. Nilidhani nampelekea habari kubwa. Nilidhani sasa atashika njia hadi kwa Mwalimu Boay na kunisafisha.

Mama hakuacha kukamua. Alisema anajua. Alisema alijua kabla ya Katesh, na ndiyo maana alikubali niende, ili ndugu yake asitapeliwe. Aliniambia kwamba mjomba akivuliwa gitaa hatakuwa na kitu, na mwenye mashine akijua atamfukuza, na nani atamlisha. Nikamuuliza, na mimi? Maziwa yaliendelea kupiga ndooni.

"Wewe ni mtoto," alisema hatimaye. "Kosa la mtoto watu husahau. Na usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Kwaya iliponunua pedali nyingine, mjomba alikwenda kuichagua peke yake, na ilikuwa na mvumo wa kikaango chini ya kila noti. Nilikuwa nikiusikia kila Jumapili kutoka benchi la watoto. Gitaa sikulishika tena. Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni nilishukuru kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua.

Sasa mjomba hasikii kabisa, na hilo si siri tena. Watu husema uziwi wake ulianza na malaria kali, miaka michache tu iliyopita. Hakuna anayeunganisha masikio yake na Haydom. Anafuga mbuzi, anaishi palepale, na anasoma midomo ya watu wachache, wa kwanza wao ni mimi. Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Ninamwelewa, hata ule woga wake ninauelewa. Mama ndiye ninayeshindwa kumwelewa, naye ndiye ninayempigia simu kila siku.

Mwaka huu nilimbatiza mtoto wangu nyumbani Endagikot. Tulifunga turubai uani, tukachinja, wageni wakaketi kula. Mwalimu Boay, mzee sasa, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, aliombwa kusema neno. Alishika kipaza sauti, akasema mama wa mtoto huyu tumemlea sisi kwaya, na tulimlea kwa gharama, maana ndiye aliyetuunguzia ile pedali ya kwanza. Watu walicheka kwa upendo. Wengine walikuwa wanaifahamu habari kuliko majina ya watoto wao. Mjomba, aliyekaa karibu nami, aliona vicheko, akanigusa mkono.

"Wanasema nini, mama?"

Nilimgeukia ili aone mdomo wangu vizuri. Nikamwambia taratibu: wanasema niliunguza pedali. Aliyasoma yote. Niliona macho yake yalivyoyapokea neno kwa neno. Kisha alitazama soda yake, akasema kwa ile sauti yake isiyojua tena ukubwa wake, "Waache wacheke. Wameshazoea."

Nilipopewa kipaza sauti kushukuru wageni, nilikuwa nimepanga kusema asanteni na karibuni tena. Niliwashukuru. Halafu nikasema, bila hasira, kwamba ile pedali sikuiunguza mimi, kwamba wakati inaungua nilikuwa hospitalini na mama yangu.

Ukumbi wa turubai ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu Boay alicheka mpaka akajifuta macho, akasema miaka yote hii na bado anajitetea. Wakapiga makofi, na mjomba alipoona makofi na yeye akapiga. Mama hakupiga. Aliinama, akaanza kukusanya sahani, ingawa wageni walikuwa hawajamaliza kula.